Sisimizi wa Mama

Jumatatu, 6 Agosti

Wifi Rowena amefika kutoka Manila kwa ndege ya saa nne asubuhi. Alisema atakaa wiki mbili. Ana masanduku matatu. Mtu wa wiki mbili haji na masanduku matatu.

Ni mke wa Nestor, mdogo wangu. Nestor ndiye aliyemtuma aje kumtazama Mama, maana msichana aliyekuwa akishinda naye ameolewa mwezi uliopita, na mimi msimu wa doriani, yale matunda ya miiba yenye harufu kali, natoka nyumbani saa kumi alfajiri kupokea mzigo sokoni, narudi saa moja jioni. Hivyo ndivyo Nestor alivyonieleza kwa simu. Wifi mwenyewe anasema amekuja kutembea Davao. Ana orodha aliyoichapa: ufuko wa kisiwa kidogo cha jirani, mamba, tai, soko la matunda, nguo za kufuma. Kila kitu na tarehe yake.

Alipovuka kizingiti aliziba pua.

"Dada Leonila, kuna kitu kimekufa humu ndani?"

"Hakijafa. Kinauzwa."

Jumanne, 7 Agosti

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sina jembe. Nimempa Mama, tena siku ya pili. Nimemwandikia ratiba kwenye karatasi: dawa saa mbili, uji wa mchele saa tatu, kumgeuza kila baada ya saa mbili, dirisha libaki wazi. Ameisoma yote, kisha akauliza kama ni ya hospitali au ya jeshi.

Kuna jambo moja linanitia shaka. Tangu kiharusi cha mwaka juzi Mama ana maneno machache, na huyatumia asubuhi. Ikifika jioni yamekwisha, analala. Na maneno yenyewe ni ya Kibisaya, lugha ya huku kwetu. Wifi hajui Kibisaya hata cha kuombea maji. Mimi na yeye tunasemezana Kitagalogi, yeye cha kwao, mimi cha shule na televisheni.

"Tutaelewana tu," amesema. "Lugha zetu ni ndugu."

Ndugu ndio wanaogombana.

Alhamisi, 9 Agosti

Wifi amenipigia simu mara kumi na moja nikiwa kibandani. Chumvi iko wapi. Feni inazimwaje. Jogoo wa jirani ana kichaa au ndivyo alivyo.

Jioni redio imesema kinda la tai limetotolewa kule kwenye kituo cha kutunzia ndege wa mwituni mlimani. Mama alikuwa macho, jambo la nadra saa hizo. Nimepunguza sauti kwa sababu Wifi alikuwa ananisimulia habari za mamba aliokwenda kuwaona kwa teksi.

Jumapili, 12 Agosti

Wifi anataka nimpeleke kisiwani. Nimemwambia, msimu ukiisha. Jumapili ndiyo siku watu wa mjini wanaponunua.

"Na kule kwa tai?"

"Msimu ukiisha."

"Dada, huo msimu wenu unaisha lini?"

"Mwisho wa Oktoba."

"Mimi nina wiki mbili."

"Basi umekuja vibaya."

Jumatano, 15 Agosti

Doriani za leo zimekuja mbichi nusu ya lori. Nimegonga moja moja kwa mpini wa kisu kusikiliza iliyoiva, mpaka mkono ukafa ganzi.

Nyumbani Wifi alinipokea mlangoni. Kasema Mama leo ameongea. Analalamika kuna langgam chumbani mwake, amesema neno hilo mara tatu, akionesha juu. Langgam ni sisimizi kwa Kitagalogi. Nimetazama ukutani na kitandani sijaona hata mmoja. Wifi kasema hata yeye hajaona, lakini mgonjwa hasemi uongo. Kisha kaongeza kwamba nyumba yenye matunda yanayooza lazima iwe na wadudu. Hayaozi. Yanaiva.

Jumamosi, 18 Agosti

Sikukuu ya mavuno. Mji umefurika, ngoma tangu asubuhi. Nimeuza mpaka vumbi la kibanda.

Jumatano, 22 Agosti

Langgam tena. Nimenunua chaki ya sumu ya sisimizi, nimechora mistari kuzunguka kitanda, mlango na dirisha. Wifi amepuliza dawa ya wadudu chumba kizima na kulifunga dirisha, kasema ndiko wanakopitia, na kwamba harufu ya doriani zilizo uani nayo hupitia hapo hapo. Nimemkumbusha ratiba inasema dirisha wazi. Kasema ratiba haikujua sisimizi.

Wiki mbili zake zimetimia juzi. Hakuna aliyetaja kuondoka. Mimi sina mtu mwingine wa kushinda na Mama.

Jumatatu, 27 Agosti

Mvua toka saa nane. Nimeweka makopo manne ya maji chini ya miguu ya kitanda, kama anavyofanya mtu mwenye kabati la sukari. Wifi alinishikia tochi. Mama aliamka, akatutazama tukiwa tumepiga magoti chini ya kitanda chake, akageukia ukuta.

Jumatatu, 3 Septemba

Mama amekataa uji. Jana pia alikula vijiko viwili tu.

Alhamisi, 6 Septemba

Vijiko vitatu.

Jumamosi, 8 Septemba

Kwa kuwa Mama haachi kuonesha juu, Wifi ameamua sisimizi wako darini. Amempigia simu jirani yetu, Mzee Ponso fundi seremala, bila kuniuliza. Nimerudi nikakuta mbao sita za dari zimeng'olewa, ziko sebuleni, na Mzee Ponso anakunywa kahawa yangu.

"Umewaona?" nimemuuliza.

"Nimeona kinyesi cha popo na kiatu cha mtoto. Kiatu ni cha mguu wa kushoto."

"Na sisimizi?"

"Leonila, hii dari ni kavu kama kiapo cha mwanasiasa. Sisimizi waje kufanya nini?"

"Sasa kwa nini umeendelea kung'oa mpaka ya sita?"

"Wifi yako analipa kwa ubao."

Mama alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi kidogo. Kumbe hakulala. Nilipomfunika shuka machozi yalikuwa yamemfika shingoni. Nikamuuliza, "Mama, nini?" Ilikuwa jioni. Maneno yalikuwa yamekwisha.

Jumapili, 16 Septemba

Daktari amekuja jana. Amesema mapafu safi, moyo si mbaya, lakini mtu wa miaka themanini na minne asipokula hahitaji ugonjwa mwingine. Akaniuliza kuna kitu gani kimebadilika ndani ya nyumba. Nilimtazama Wifi. Wifi akanitazama mimi.

Leo Nestor amepiga simu. Wifi amemweleza yote, na picha za dari amemtumia.

"Dada, hapo hapakaliki," kasema. "Wadudu, dari imeanguka, harufu ile. Mama aje Manila."

"Dari haijaanguka. Mkeo ameiangusha."

"Wewe uko sokoni saa kumi na tano kwa siku. Unamwona saa ngapi?"

Nilimpa matusi madogo ya utotoni. Hayakumtikisa. Ameshakata tiketi mbili za tarehe 28 Oktoba. Msimu utakuwa umeisha, kasema, kwa hiyo hata wewe utapata nafasi ya kumsindikiza mpaka uwanjani. Kama vile ananifanyia hisani.

Mama hajawahi kulala nje ya kisiwa hiki kikubwa tunachoishi. Akienda Manila hatarudi, na mimi nitakuwa nimempeleka uwanjani kwa teksi.

Jumanne, 18 Septemba

Mvua. Vijiko viwili.

Ijumaa, 21 Septemba

Nimemwambia Wifi maneno ambayo sitayaandika. Chanzo ni manukato. Amenipulizia mgongoni nilipoingia kutoka kazini, kama mtu anayepulizia choo. Mwisho nilimwambia kwamba kabla yeye hajaja, Mama alikuwa anakula. Ameingia kuosha bakuli la Mama. Aliliosha muda mrefu kuliko bakuli linavyohitaji.

Jumanne, 25 Septemba

Bei imeshuka. Doriani zimejaa mpaka barabarani.

Nimekuta Wifi amelala sakafuni kando ya kitanda cha Mama, kwenye mkeka, mkono mmoja umeshika ukingo wa shuka. Hapo ndipo amekuwa akilala wiki zote hizi, anasema, asije Mama akaita kwa lugha asiyoijua. Chumba nilichompa, chenye feni mpya, hakijalaliwa tangu Agosti. Sikuwa nimegundua. Masanduku yake mawili yamejaa nepi za watu wazima, krimu ya vidonda na mashuka.

Jumatano, 3 Oktoba

Lori la leo limekwama njiani kwa maporomoko ya udongo, hakukuwa na mzigo wa kupokea. Nimerudi nyumbani saa tatu asubuhi. Ninaandika kirefu kwa sababu nataka nikumbuke mpangilio wa mambo jinsi ulivyokuwa.

Wifi alikuwa bafuni na Mama. Nikaenda jikoni kuchemsha maji, nikaona karatasi imebandikwa nyuma ya mlango, nyuma ya kalenda ya duka la mchele. Kalenda ilikuwa imepinda, ndiyo maana nikaiona. Kichwa chake: Maneno ya Nanay, yaani ya Mama. Chini yake safu mbili kwa mwandiko wa Wifi. Upande mmoja neno alilolisikia kwa Mama, upande wa pili maana kwa Kitagalogi, na pembeni vijistari vya kuhesabia, kama ninavyohesabu vikapu mimi. Kaon, kula, vijistari sita. Tugnaw, baridi, tisa. Kwa haya inaonekana aliuliza majirani, kwa sababu kwao hayapo. Alikuwa anajifunza na hakuniambia.

La tatu lilikuwa langgam. Sisimizi. Vijistari arobaini na kimoja.

Nililisoma neno hilo likiwa chini ya kaon na tugnaw, kwenye safu ya Kibisaya, na maji yakachemka yakamwagika jikoni na mimi nimesimama.

Kwa Kibisaya langgam ni ndege.

Hakuna mtoto wa mji huu asiyejua hilo. Tumewafanyia utani huo Watagalogi wanaohamia huku tangu nasoma sekondari, eti kwetu sisimizi hutaga kwenye miti. Lakini Wifi aliniletea neno hilo ndani ya Kitagalogi, na mimi kwa adabu yangu ya mwenyeji nikalipokea kwa Kitagalogi. Yeye hakuwa na njia ya kujua. Mimi nilikuwa nayo mdomoni tangu kuzaliwa.

Wifi alitoka bafuni akimsukuma Mama kwenye kiti cha magurudumu. Nikamuuliza, "Anaposema langgam, anaonesha wapi hasa?"

"Juu. Nilishakuambia. Juu, upande wa dirisha."

"Wifi, kaa chini."

"Nina sabuni mikononi."

"Kaa na sabuni yako."

Nikamweleza. Alinitazama, akamtazama Mama, akaitazama dari isiyo na mbao sita.

"Kwa hiyo alikuwa anaomba ndege," alisema polepole, "mimi nikampulizia dawa."

"Mimi nikamchorea chaki."

"Nikafunga dirisha."

"Nikamwekea makopo."

"Mara arobaini na moja, Dada. Arobaini na moja. Mtu yeyote angekwisha kutema uji." Akafunika uso kwa mikono yenye sabuni, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha kweli akalia, maana sabuni ilimwingia machoni.

Nilipiga magoti mbele ya Mama. Ilikuwa asubuhi, maneno yalikuwepo. Nikamuuliza kwa Kibisaya, "Mama, langgam yupi?"

Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama karani aliyechelewa kufungua dirisha la ofisi.

"Wa redioni," alisema.

Yupo anayeweza kusema kwamba sikuwa na njia ya kujua. Mimi siwezi. Kabla sijazaliwa, Baba alikata mti mkubwa kule mlimani apande midoriani yetu ya kwanza, na juu yake palikuwa na kiota cha tai. Kinda liliangukia majani likapona. Mama alilifuga jikoni miezi mitano, akilikamatia panya. Siku moja alikwenda mtoni kufua, aliporudi Baba alikuwa amelitoa kwa mtu aliyepita akikusanya wanyama. Hakumsemesha Baba mpaka mvua za mwaka ule zilipokatika. Habari hii nimeisikia tangu utotoni. Na tangu kituo kile cha mlimani kilipojulikana, kila mwaka Mama ameniomba nimpeleke akamwone tai mara moja. Ni mwendo wa saa moja na nusu. Kila mwaka nimempa jibu moja, lile lile nililompa Wifi siku ya Jumapili ya kwanza. Msimu ukiisha. Ukiisha, huwa nina uchovu wa msimu.

Aliacha kuniomba mimi. Akamwomba mgeni.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimefunga kibanda siku ya Jumapili, katikati ya msimu. Jirani yangu wa sokoni ameuliza nani amekufa.

Teksi ilikwenda kilomita thelathini kwa saa mpaka tukatoka mjini, kama sheria inavyotaka, na dereva akajisifu njia nzima kwamba hajawahi kutozwa faini. Wifi alikaa nyuma amemkumbatia Mama asiyumbe. Mvua ikaanza, ikakatika, ikaanza. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia Mama. Nilitaka kuomba radhi kwa utaratibu.

Tai alikuwa kwenye tawi, ndani ya uzio mrefu. Mkubwa kuliko nilivyodhani, manyoya ya kichwani yamesimama kama mwanamke aliyeamshwa kabla hajachana nywele. Alimgeuzia Mama jicho moja. Mama akamgeuzia lake, lile zima ambalo kiharusi hakikuligusa. Walikaa hivyo muda ambao Wifi alinikanyaga mguu mara mbili ili nisiseme kitu.

Kisha Mama akamwita mwanamke anayewatunza, kwa kidole.

"Anakula nini?"

"Sungura, Nanay. Na panya weupe."

"Wangu alikula panya wa shamba," Mama alisema. "Weupe hawana ladha."

Ni sentensi ndefu kuliko zote tangu mwaka juzi. Mtunzaji akasema atawaambia wakubwa. Mama akarudi kumtazama tai, kisha akatikisa kichwa.

"Siye yule."

Nilipiga hesabu. Kinda lile lingekuwa na miaka zaidi ya hamsini.

"Siye," akarudia. "Lakini anafaa."

Maneno yangu ya radhi nilirudi nayo nyumbani.

Tulipotoka alionesha kibanda cha barabarani. Alitaka doriani. Nimemgongea mwenyewe, nimemchagulia, nikampasulia. Alikula vipande viwili vizima na kulamba mbegu. Kisha akachukua cha tatu, akakinyoosha mbele ya pua ya Wifi, na mkono haukushuka. Wifi akafumba macho akala.

"Je?" nikamuuliza.

"Inanuka kama kosa," alisema, "lakini nipe kingine."

Jumatatu, 8 Oktoba

Bakuli zima la uji. Dirisha wazi.

Jumapili, 14 Oktoba

Nestor amepiga simu kuuliza kama mizigo ya Mama imefungwa. Nilikuwa nimeandika hoja zangu saba. Wifi akaninyang'anya simu kabla ya ya kwanza.

"Nestor, mama yako haji."

Sikusikia upande wa pili.

"Hakuna sisimizi. Hakujawahi kuwa na sisimizi." Akasikiliza. "Dari tumeitoboa wenyewe." Akaitenga simu na sikio. "Ndiyo, nina akili timamu. Unajua langgam ni nini kwenu? Umezaliwa huku, umenioa miaka ishirini na sita, hujawahi kunifundisha neno moja. Sasa ile tiketi ya pili irudishe, na ukishindwa kuirudisha, ikalie."

Akanirudishia simu. Nestor aliniambia, kwa Kibisaya, jambo ambalo hajalifanya miaka mingi, kwamba mkewe amebadilika.

"Ni doriani," nilimwambia.

Ijumaa, 19 Oktoba

Mzee Ponso amerudisha mbao. Amepigilia tano. Ya sita, anasema, imepotea. Nimeiona uani kwake, kwenye banda la kuku.

Jumapili, 28 Oktoba

Nimemsindikiza Wifi uwanjani. Mpwa wa jirani yangu wa sokoni atakuja kushinda na Mama kuanzia kesho. Ni Mbisaya, nimehakikisha. Hatukuwahi kufika kisiwani. Wifi kasema atakuja tena kukamilisha orodha, na safari hiyo nisimtaje msimu.

Walimsimamisha kwenye mashine ya mizigo. Alikuwa ameficha doriani ndani ya sanduku la tatu, imeviringishwa kwenye mashuka na kumwagiwa manukato chupa nzima. Askari wa kike aliifungua kwa ncha za vidole, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, hii hairuhusiwi kwenye ndege."

"Sioni kitu," Wifi alisema. "Unanusa nini?"

Nimerudi nayo nyumbani ndani ya teksi, madirisha yote wazi, dereva hanisemeshi.

Jumatano, 31 Oktoba

Soko limetulia. Ukiacha ile ya lori lililokwama, ni asubuhi ya kwanza tangu Agosti nimeshinda nyumbani Mama akiwa macho. Nimeondoa makopo manne chini ya kitanda na kufuta chaki.

Kufika saa nne sisimizi wakaja. Wa kweli, mstari mrefu kutoka mlangoni, mguu wa kitanda, mpaka chini ya mto. Nimeunyanyua mto nikakuta peremende za doriani kumi na nne, ambazo Wifi lazima alikuwa akimwachia Mama kwa siri kinyume cha ratiba yangu, nusu zimemenywa.

Nimemwandikia Manila: Wifi, leo chumbani kwa Mama kuna langgam. Wa kwenu, wale wadogo.

Amejibu hapo hapo: Kabla hujapuliza dawa, muulize Mama anataka yupi.

Nimemuuliza. Sisimizi walikuwa wanampanda kiganjani. Akaonesha juu.